Dakika 16 na sekunde 40

Simu ya mwenzangu wa kazi ilikuwa fupi. "Dada, shinikizo limeanguka. Lilikuwa 1013, sekunde iliyofuata likawa 101, likakaa hapohapo, kisha likarudi 1013 kama vile hakuna kilichotokea."

Nikamuuliza lilikaa chini kwa muda gani. Akahesabu kidogo. "Dakika kumi na sita na sekunde arobaini."

Kabla hajakata simu nilishajua kwamba kosa ni langu. Dakika 16 na sekunde 40 ni sekunde 1,000 kamili, na programu yangu ilikuwa ikiandika faili kwa vipande vya mistari 1,000. Shinikizo la hewa halina sababu ya kuanguka kwa sekunde 1,000 kamili na kurudi. Programu inayo.

Nieleze kazi yenyewe. Tulikuwa na tanuri la majaribio lenye vihisi 12, kila kimoja kikisomwa mara moja kwa sekunde. Kwa siku nzima hiyo ni mistari 86,400 yenye safuwima 12. Upande wangu ulikuwa kupokea namba, kuzisafisha, na kuziandika kama maandishi ya kawaida. Upande wa pili kulikuwa na programu ya zamani inayokata kila mstari kwa kuhesabu herufi: kuanzia herufi fulani hadi herufi fulani ni joto, zinazofuata ni shinikizo, na kuendelea. Haitafuti nafasi tupu wala mkato. Inahesabu tu. Mwenzangu alipata hesabu hizo kutoka kwenye faili la mfano nililomtumia wiki ya kwanza, na faili lile lilikuwa limenyooka vizuri sana.

Mimi naandika kwa APL. Wasioifahamu, ni lugha ambayo kitu chake cha msingi ni arei, yaani namba nyingi zilizopangwa na kushikwa kama kitu kimoja: orodha, jedwali, au rundo la majedwali. Ukisema A+B, hujali kama A ni namba moja au milioni. Nimeitumia kwa miaka tisa na bado asubuhi nyingine nafungua kompyuta kwa hamu. Na alama iliyoniponza siku ile ni moja ninayoipenda kuliko karibu zote: ⍕, ile inayogeuza namba kuwa maandishi.

Hebu tuitazame inavyofanya kazi. Tuseme nina jedwali dogo (¯4 ni hasi nne):

      M←3 2⍴1.5 200 33.25 7 0.375 ¯4
      ⍕M
 1.5   200
33.25    7
 0.375  ¯4

Angalia safuwima ya kwanza. Nukta za desimali zimesimama wima, moja chini ya nyingine. 33.25 imeongezewa nafasi tupu mwishoni ili kuipisha 0.375 yenye tarakimu tatu baada ya nukta; 1.5 imeongezewa nafasi mbele ili kuipisha 33. Safuwima ya pili haina nukta hata moja kwa sababu hakuna namba ndani yake inayoihitaji. Ukiuliza umbo la matokeo, ⍴⍕M, jibu ni 3 10: jedwali la herufi, mistari mitatu, herufi kumi kila mstari. Herufi 6 za safuwima ya kwanza, nafasi 1 ya kutenganisha, herufi 3 za ya pili.

Hakuna aliyeiambia ⍕ upana wowote. Imeitazama safuwima yote, ikaona namba yenye sehemu kubwa kuliko zote kushoto kwa nukta, ikaona yenye sehemu ndefu kuliko zote kulia, ikapima, ndipo ikaandika. Namba moja ikibadilika, majirani zake wote wa juu na wa chini wanaandikwa upya. Weka 1000.5 mahali pa 1.5 na 33.25 itasogea hatua mbili kulia ingawa yenyewe haijaguswa.

Hapo ndipo nilipojikwaa. Data ilikuwa ikiingia moja kwa moja, kwa hiyo kila mistari 1,000 ilipotimia niliifanyia ⍕ na kuiambatisha mwishoni mwa faili. Kila kipande kilijipima chenyewe. Siku nyingi tanuri lilikaa kati ya nyuzi 20 na 90, vipande vyote vikatoka na upana uleule, na sisi wawili tukaridhika. Siku ile joto lilipita 100 kwa sekunde tatu tu. 99.8 ina herufi nne, 100.2 ina tano. Safuwima ya joto ikaongezeka herufi moja, na kila kilichokuwa kulia kwake kikasogea hatua moja, katika mistari yote 1,000 ya kipande kile, hata mistari ambayo joto lilikuwa bado 97. Programu ya upande wa pili ilikuwa ikitarajia herufi nne za shinikizo: 1013. Ikapata nafasi tupu, kisha 1, 0, 1. Ikasoma 101 bila kulalamika, maana 101 ni namba halali kabisa.

Kilichonisumbua zaidi, nilipoanza kupekua mafaili ya nyuma, ni kwamba halikuwa tukio la kwanza. Kulikuwa na vipande ambavyo kihisi kimoja kilitulia kwenye 40 kamili kwa sekunde zote 1,000. Kwa kuwa hakuna namba iliyohitaji desimali, nukta na tarakimu yake vikatoweka, na safuwima ikapungua badala ya kuongezeka. Herufi za mstari mzima zikavutwa kushoto. Baadhi ya makosa hayo yalitoa namba zilizokaribiana mno na ukweli. Hakuna ambaye angeyaona kwa macho.

Mwalimu wangu wa APL, mzee mmoja mpole aliyeanza na mashine za kuchapa, aliwahi kuniambia nizichunguze alama za lugha hii kama vile watu wanavyochunguza asili ya maneno. ⍕ ilikuwa inapigwa kwa kuweka alama mbili mahali pamoja. Vituo vya IBM 2741 vya miaka ya 1960 vilikuwa taipureta za umeme zenye kichwa cha mviringo kama kijipira, na kijipira cha APL hakikuwa na nafasi ya alama zote. Kwa hiyo ulipiga ⊤, ukarudi hatua moja nyuma, ukapiga ∘ juu yake. Na ⊤ peke yake ni alama ya kuvunja namba kuwa tarakimu:

      10 10 10 10⊤1013
1 0 1 3

Kinyume chake ni ⊥, inayokusanya tarakimu kuwa namba: 10⊥1 0 1 3 inarudisha 1013. Ukiweka ∘ juu ya ⊥ unapata ⍎, inayosoma maandishi na kuyatekeleza. Wawili wanaogawa na kukusanya tarakimu, wawili wanaoandika na kusoma, na umbo la alama linakueleza nani ni ndugu wa nani. Kenneth Iverson, aliyeibuni APL, aliandika kuhusu uandishi wa alama kama chombo cha kufikiria nacho, katika hotuba yake ya tuzo ya Turing ya mwaka 1979, na kila nikiitazama ⍕ naona alichomaanisha. Siku ile ya simu niliandika kwenye daftari 10⊥1 0 1, nikapata 101, nikakaa nikiitazama. Tarakimu moja imedondoka mwishoni. Ndicho kilichotokea, na lugha iliweza kukieleza kwa herufi chache kuliko mimi.

Suluhisho la kwanza linalomjia kila mtu ni kuipa ⍕ maagizo upande wa kushoto. 8 2⍕M maana yake ni kila safuwima iwe na herufi 8, desimali 2. Ukitaka kila safuwima na yake, unaandika jozi jozi:

      6 2 8 2⍕M
  1.50  200.00
 33.25    7.00
  0.38   ¯4.00

Sasa upana hautegemei data, na 86,400 zikigawanywa vipande 87 au 8,000 herufi zinabaki mahali pake. Namba isipoenea ndani ya upana uliouweka, Dyalog, ambayo ndiyo APL ninayotumia, inajaza nafasi hiyo vinyota:

      6 2⍕10.1 15 1001
 10.10 15.00******

Nimewasikia watu wakivichukia vinyota hivi. Mimi navishukuru. 1001.00 inahitaji herufi saba na imepewa sita. Mashine ingeweza kukata tarakimu ya mbele, au ya nyuma, au kusukuma majirani kama ilivyonifanyia ⍕ isiyo na maagizo. Vinyota vinasema wazi kwamba hapa palikuwa na namba na haikuenea. Programu ya kusoma ikikutana na ****** itasimama, na kusimama ndiko nilikokuhitaji.

Kuna uaminifu mwingine wa aina hiyohiyo ambao wengi hawaufahamu. Ukiomba desimali nyingi kuliko zile ambazo kompyuta inazijua kweli, mfano 0 20⍕÷3, Dyalog inaandika 3 nyingi kadiri inavyoweza kuzithibitisha, kisha inajaza nafasi zilizobaki kwa mistari ya chini: ____. Haibuni tarakimu. Lugha nyingine nilizowahi kutumia hutoa tarakimu zote 20 bila kusita, na za mwisho ni mabaki tu ya hesabu za 0 na 1 ndani ya mashine.

Lakini upana wa kudumu una udhaifu wake pale ambapo arei nzima iko mkononi na unataka ionekane vizuri. Ukiweka 8 kila mahali, safuwima ya namba ndogo inaelea katikati ya uwanja mtupu. Afadhali upana utoke kwenye data yenyewe, kwa hesabu unayoielewa na unayoweza kuijaribu. Nilitumia jioni mbili kuipata, na hii ndiyo ninayoitumia mpaka leo:

      Upana←{t←⌊0.5+|⍵×10*⍺ ⋄ (3+⍺+∨⌿⍵<0)+⌊10⍟1⌈⌈⌿t÷10*⍺}

      2 Upana M
6 8

Kushoto ni idadi ya desimali, kulia ni jedwali. APL husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo tuanzie mwisho. t ni namba zote bila alama ya hasi, zikiwa zimezidishwa na kukadiriwa kwa idadi ya desimali tunayotaka. ⌈⌿ inachukua iliyo kubwa kuliko zote katika kila safuwima. Logi yake ya kumi, ikishushwa hadi namba kamili, inatuambia tarakimu ngapi ziko kushoto kwa nukta, pungufu ya moja. 3 ni hiyo moja inayopungua, nukta yenyewe, na nafasi tupu ya kutenganisha. ∨⌿⍵<0 inaongeza herufi moja kwa safuwima yenye hata namba moja hasi.

Jioni ya kwanza yote ilikwenda kwenye t. Toleo langu la awali lilipima namba kabla ya kuikadiria, na lilifanya kazi kwa kila nilichojaribu mpaka nilipoweka 999.996. Kabla ya kukadiria ina tarakimu tatu kushoto kwa nukta. Baada ya kukadiria kwa desimali mbili ni 1000.00, tarakimu nne. Upana unatoka pungufu kwa herufi moja, na ni kwa namba zile tu zinazokaribia kabisa kizio kinachofuata cha kumi. Kosa la namna hiyo linaweza kulala miaka. Tangu hapo kila ninapoandika kitu kinachopima maandishi ya namba, ninaanza na 9.996, 99.996 na 999.996, na ¯ zake.

1⌈ iko pale kwa sababu ya sifuri, ambayo haina logi. Safuwima ya sifuri tupu si jambo la ajabu. Kihisi kilichochomolewa hutoa hiyohiyo.

Kisha kuna ⌊, na hapa nataka nikae kidogo maana ni uzuri ambao hauonekani. Logi ya 1000 inapaswa kuwa 3. Katika hesabu za nukta inayoelea, yaani namna kompyuta inavyoshika desimali kwa kukadiria, inaweza kutoka 2.9999999999999996, kutegemea ilivyokokotolewa, na lugha nyingi zikiishusha zinakupa 2. Safuwima nzima inakuwa nyembamba kwa herufi moja kwa sababu ya kosa la sehemu ya kumi na sita baada ya nukta. ⌊ ya APL ina uvumilivu. Namba ikiwa karibu mno na namba kamili inayofuata, ndani ya kiwango kinachoitwa ⎕CT, inahesabiwa kuwa ni hiyo kamili. Kiwango hicho kwa kawaida ni 1E¯14. Kwa hiyo 3 inabaki 3, nami sikuhitaji kuandika kitu chochote cha kujilinda.

Kuzipanga pana hizo na desimali kuwa jozi ni kazi ya alama chache:

      (,(⍪2 Upana M),2)⍕M

⍪ inasimamisha orodha 6 8 iwe wima, ,2 inaweka 2 pembeni ya kila moja, na , ya kushoto inalaza yote kuwa 6 2 8 2. Safuwima zikiwa 2 au 200, mstari ni uleule.

Wasomaji wa J wataniuliza kwa nini nahangaika na jozi. J, ambayo Iverson na Roger Hui waliijenga ili alama zote ziandikwe kwa kibodi ya kawaida, inatumia ": badala ya ⍕, na upana na desimali vinabebwa na namba moja changamano: 8j2 ": M. Sehemu halisi ni upana, sehemu ya kufikirika ni desimali. Mara ya kwanza nilipoiona nilidhani ni mchezo. Sasa naiona ni busara, kwa kuwa upana na desimali huenda pamoja daima, na namba changamano ni jozi isiyoweza kutenganishwa kwa bahati mbaya. Kitu kimoja cha J kinachohitaji macho ni kwamba bila maagizo inaonyesha tarakimu sita tu zenye maana. 1234567.8 inaonekana kama 1.23457e6. Aliyezoea APL, ambako Dyalog huanza na kumi, anaweza kudhani data yake imeharibika.

Katika q, lugha nyingine ya jamii hii, unayo .Q.fmt[8;2;x], inayoshika namba moja moja, kwa hiyo unaifuatisha na each. Inatosha kwa upana wa kudumu. Lakini kipimo cha safuwima nzima unakifanya mwenyewe.

Namba moja moja pia inanikumbusha njia ambayo wanaoanza huikimbilia katika APL: ⍕¨, yaani kuandika kila namba peke yake, kisha kuzirundika kwa ↑. Matokeo yanaegemea kushoto, kama maneno, na nukta hazikutani. Mwalimu alinionyesha namna ya kuyahamishia kulia bila kupima upana wowote, na sijawahi kuuacha mstari huu:

      (-+/∧\' '=⌽T)⌽T

T ni jedwali la herufi. ⌽T inaligeuza, mwisho uwe mwanzo. ' '= inaweka 1 palipo tupu. ∧\ inatembea kutoka kushoto na kuziacha 1 zilizo mfululizo tangu mwanzo tu. Ikikutana na herufi ya kwanza, vyote vinavyofuata ni 0. +/ inazijumlisha, na hiyo ni idadi ya nafasi tupu zilizokuwa mwishoni mwa kila mstari. Kisha kila mstari unazungushwa kulia kwa idadi yake, na nafasi tupu za mwisho zinatokea mbele. Mistari elfu inahama kwa pamoja, kila mmoja kwa hatua zake. Nilipoielewa kwa mara ya kwanza niliisoma kwa sauti.

Ripoti za kusomwa na watu naziandika kwa ⎕FMT, ambayo ina msamiati mkubwa zaidi. Jedwali la hesabu lenye mikato ya maelfu na hasi ndani ya mabano linatoka hivi:

      'CM⊂(⊃N⊂)⊃Q⊂ ⊃F14.2'⎕FMT 1234567.5 ¯890.25 0
 1,234,567.50 
      (890.25)
         0.00 

C ni mikato. M inasema nini kiwekwe kushoto kwa namba hasi badala ya alama yake, N kulia kwake, na Q kulia kwa zisizo hasi. Nafasi tupu ndani ya Q⊂ ⊃ inaonekana haina kazi, lakini ndiyo inayoacha pengo la bano la kufunga ili nukta zibaki wima. Iondoe uone safu inavyopinda. Mjue pia kwamba ⎕FMT huichukua orodha kama safuwima iliyosimama, wakati ⍕ huiacha imelala.

Nirudi kwenye faili langu, maana kulikuwa na kosa la pili lililojificha nyuma ya la kwanza. Baada ya kuweka 8 2⍕ kila mahali, herufi zilinyooka kwenye skrini. Nikatuma. Siku mbili baadaye simu tena: mistari michache, ile ambayo kihisi cha chumba cha baridi kilishuka chini ya sifuri, bado ilikuwa imehama hatua moja. Nikafungua faili na kuhesabu kwa kidole. Herufi 96 kila mstari, bila upungufu.

Ilikuwa alama ya hasi. APL haitumii kistari cha kutoa kuonyesha namba hasi. Inatumia ¯, iliyoinuka juu, ili ¯4 iwe namba na -4 iwe tendo. Ni uamuzi mzuri na ninautetea popote. Lakini ¯ si miongoni mwa herufi 128 za ASCII, seti ya msingi ya herufi za kompyuta. Katika UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi kwenye faili, inachukua baiti mbili. Mimi nilihesabu herufi, programu ya upande wa pili ilihesabu baiti, na kila namba hasi iliongeza baiti moja iliyousogeza mstari uliobaki. Skrini haiwezi kukuonyesha jambo hilo. Dawa yake ni fupi:

      T←'-'@('¯'∘=)T

Inaweka kistari cha kawaida kila palipo na ¯. Katika ⎕FMT ungeandika M⊂-⊃ na usingefika hapa. Kama ningekuwa natuma kwa mikato ya kutenganisha, ⎕CSV, iliyoingia Dyalog katika toleo la 16.0 mwaka 2017, ingenifanyia kazi hiyo. Lakini ⍕ inaandika kwa ajili ya APL, ili ⍎ iweze kusoma tena, na anayepeleka maandishi yake nje lazima abadilishe mwenyewe.

Kuhusu kusoma tena, namba zikitakiwa kurudi kuwa namba zilezile, desimali mbili hazitoshi na kumi pia hazitoshi. 0.1+0.2 huonekana kama 0.3 kwa ⎕PP ya kawaida, yaani idadi ya tarakimu zinazoonyeshwa. Weka ⎕PP←17 nayo inaonekana kama ilivyo: 0.30000000000000004. Tarakimu 17 zinatosha kuirudisha namba yoyote ya baiti nane bila kupoteza kitu. Ninaweka nakala ya pili ya data kwa njia hiyo, mbaya kwa macho, kwa ajili ya siku ambayo mtu atahitaji kukokotoa upya.

Programu ya sasa bado inaandika vipande vya mistari 1,000. Kila kipande kinapita kwenye 8 2⍕, kinabadilishiwa ¯, kisha kinaulizwa '*'∊T. Jibu likiwa 1, hakiandikwi. Napata ujumbe wenye namba ya kihisi na saa. Imetokea mara moja, kihisi kilipokatika waya na kutoa 999999. Mafaili yote ya nyuma niliyaandika upya kutoka kwenye namba za asili, na mwenzangu akayasoma upya moja moja, bila kuninung'unikia hata kidogo.

Amebuni kipimo chake sasa. Safuwima 12 za herufi 8 ni 96, na baiti moja ya kumaliza mstari ni 97. Mara 86,400. Kabla ya kufungua faili anatazama ukubwa wake, na kama si ule anaoujua ananipigia. La jana lilikuwa baiti 8,380,800. La juzi pia.